Samaki Aliyetoka kwa Koko

Wiki iliyopita nilishindwa bei. Wanaonijua sokoni watasema natia chumvi, maana mimi nikikubali bei ya kwanza ya mtu, ujue nimelala au nimekufa. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Mwanamke mmoja aliyetoka upande wa Kivu alikuwa anafungua gunia la ndagala mbele yangu, wale samaki wadogo wakavu wa ziwa Tanganyika, weupe kama vipande vya bati, na mimi nilikuwa nimeshatengeneza uso wangu wa kununulia: mdomo umeshuka kidogo, macho yanaangalia gunia la jirani. Kamba ikafunguka. Harufu ikatoka. Nikajisikia nikimwambia, sawa mama, kama unavyosema. Hata yeye aliogopa. Alinitazama kama mtu aliyepewa noti ya bandia.

Ninyi wa rika langu, mliokua Kisangani wakati wa vita, mnajua kwamba harufu haibishiwi. Inakuchukua tu. Hiyo ya ndagala ilinichukua ikanirudisha kwenye uwanja wa nyumba yetu kule Kabondo, mbele ya mkeka wenye kifurushi ambacho hakuna aliyekifungua, na mimi nimesimama na samaki mkononi nikidhani nimeleta furaha nyumbani. Nitafika huko. Kwanza mama.

Mama yangu alikuwa mtu wa maji. Alizaliwa Baraka, kwenye mwambao wa ziwa, mahali ambapo mtu akitoka jikoni na sufuria chafu hajamaliza kuimba ubeti mmoja yuko majini. Alivyotusimulia, kule kwao kila jambo la maisha lilipita ufukweni. Wanawake walisugua sufuria kwa mchanga mpaka zikang'aa, watoto walijifunza kuogelea kabla ya kujifunza kuongopa, na samaki anayeitwa mukeke alichomwa palepale juu ya mawe, akaliwa kwa mikono na bugali ya muhogo huku miguu iko ndani ya maji. Furaha za mama zilikuwa hizo tu. Hakutamani gari, hakutamani Kinshasa. Alitaka maji yamfike magotini, watoto wawe karibu, na mtu mmoja awe anachekesha. Ukimpa hivyo, ulikuwa umemaliza.

Papa, yaani baba yangu, alimpata huko alipotumwa kufundisha, akamleta Kisangani kwao, kabla ya vita. Walikuja na ndege ndogo ya mizigo iliyotua Simi-Simi, mama amekaa juu ya magunia, amekumbatia beseni la nguo zake ambalo hakumwachia mtu. Papa, kwa kutaka kumfurahisha bibi arusi wake, hakumpeleka nyumbani kwanza. Alimpeleka mtoni. Alikuwa ameusifia ule mto tangu Baraka, jinsi ulivyo mpana, jinsi unavyobeba meli zenye ghorofa. Mama akatazama maji yale ya rangi ya udongo yakipita na majani yake, akatazama tena, maana alikuwa mtu wa kuhakikisha mara mbili, kisha akauliza:

"Hii ni maji ao ni chai?"

Papa aliisimulia hadithi hiyo kila alipopata mgeni, na kila mara mama alisema hakusema hivyo, alisema vibaya zaidi. Inaonekana alikaa muda mrefu bila kuusogelea mto. Alichota maji kisimani, akanyamaza, akakonda, mpaka papa akaogopa kwamba atamrudisha binti wa watu kwao akiwa nusu. Ndipo siku moja akachukua kipande cha makaa akachora kwenye ukuta wa jikoni. Duara refu: ziwa. Kutoka ubavuni mwa ziwa, pale Kalemie, mstari mwembamba unaotoka na kwenda kuingia kwenye mto mkubwa. Mto unapita Kongolo, unapita Kindu, unapita Ubundu, unaruka mawe ya Wagenia, unafika hapa. Akaweka nukta. Hii chai yako, akamwambia, inatoka kwenu.

Mama akauliza kama ni kweli. Papa akasema yeye ni mwalimu, hawezi kudanganya mbele ya mchoro. Mama akauliza tena: na inachukua muda gani kufika? Papa akasema maji hayana haraka. Yanalala kwenye vinamasi, yanazunguka visiwa, hayajui kama kuna mtu anayangoja. Kesho yake asubuhi mama alikwenda mtoni peke yake, akanawa uso. Hakuyaita tena chai. Nyumba yetu ilipakwa chokaa mara kadhaa baada ya hapo, lakini ule ukuta wa jikoni haukuguswa, na sisi watoto tuliukuta mchoro palepale, umepauka kidogo kwa moshi.

Jumapili baada ya misa tulishuka bichi, ndivyo tunavyopaita huku mahali pa kushukia mtoni. Mimi ndiye mkubwa, Sifa, na kwa hiyo mama aliitwa Mama Sifa. Nyuma yangu wadogo zangu wawili wa kiume wanaopigana, na mgongoni mwa mama kitinda mimba, Riziki. Mama alitandika kikwembe chake, kitenge cha zamani, mchangani. Akafungua lituma, zile ndizi za kupika zilizotwangwa ambazo mtu wa Kisangani asipozila siku mbili anadhani anaumwa, na samaki aliyefungwa kwenye majani. Lituma alifundishwa na mama mkwe wake, akaipika vizuri kuliko wenyeji, na hakuacha kuisema: bugali ni chakula, lituma ni urafiki tu. Papa alikaa kwenye jiwe amevaa viatu, maana mwalimu havui viatu hadharani. Kila Jumapili walibishana juu ya viatu vile, kila Jumapili mama alivivua yeye mwenyewe, akaviweka juu ya jiwe vikitazama mto, akasema sasa na vyenyewe vione.

Kabla hatujaingia majini alituhesabu, na tulipotoka alituhesabu. Kila hesabu ilikuwa mara mbili: ya kwanza kwa macho, ya pili kwa mkono, akigusa kila kichwa. Nilimwuliza kwa nini anajisumbua, na sisi ni wachache hivi. Akasema macho yanaonaka kile yanapenda, mkono haudanganyiki. Mimi nimefanya biashara maisha yangu yote kwa sentensi hiyo.

Na kabla ya mtu yeyote kula, mama alikata kipande cha samaki. Si mkia, si kichwa. Kipande chenyewe cha tumboni. Akaingia nacho majini mpaka magotini, akakiachia. Hiyo ilikuwa desturi ya kwao: asiyekuwepo anakula kwanza. Kila chakula cha ufukweni kilikuwa na sehemu yake, na sehemu hiyo ilipewa maji. Kwetu asiyekuwepo alikuwa koko, mama yake mama, aliyebaki Baraka, ambaye sisi hatukuwahi kumwona. Kisha mama alichota maji kwa viganja viwili akatunawisha nyuso mmoja mmoja, na kumwambia kila mmoja kwamba koko anamsalimia. Maji yaliingia puani. Kwa miaka niliamini kwamba salamu za wakubwa lazima ziwashe puani.

Halafu vita. Sitavieleza. Mliokuwepo mnajua, na wasiokuwepo wameshaelezwa na watu ambao nao hawakuwepo. Nitasema tu yaliyofika jikoni kwetu. Meli hazikupanda tena kutoka chini, kutoka Kinshasa. Mshahara wa papa, ambao hata kabla ya vita ulikuwa hadithi, ukawa hadithi isiyosimuliwa. Chumvi ilipimwa kwa kijiko cha chai, sabuni ilikatwa kwa uzi. Samaki wa Jumapili moja akawa wa Jumapili mbili. Na barua za koko, zilizokuwa zinakuja mkononi mwa wauza ndagala, zikaacha kuja. Habari za kutoka ziwani zilikuwa za redio, na mama aliizima redio. Papa akasema huenda kuna kitu watasema. Mama akasema koko hakuwahi kupita kwenye redio akiwa mzima wa afya, kwa nini aanze sasa.

Kule bichi waliweka kamba, na kwenye kamba askari. Wa nani, hatukujua tena, walibadilika. Huyo wa Jumapili moja alikuwa kijana mdogo, bunduki imemzidi kama shati la kaka yake. Akasema mikusanyiko mtoni ni marufuku. Mama akamwuliza kama kunawa uso ni mkusanyiko. Akasema amri ni amri. Mama akauliza kama amri inagusa na miguu au ni uso tu, kama ni mpaka magotini au mpaka kwenye vifundo, na kama watoto wanahesabiwa kuwa watu au kuwa mzigo. Hakupandisha sauti hata kidogo. Mimi nilikuwa nimeshika pindo la kikwembe chake, na pale nilijifunza karibu kila ninachokijua: usimwombe mtu akubali, mwulize maswali mpaka achoke kukataa. Askari akashusha kamba. Baadaye mama akamkatia na yeye kipande. Alikila akiwa ametugeuzia mgongo.

Lakini kipande cha koko hakikukoma, na hapo ndipo mimi na mama tulipogombana. Nilikuwa na umri wa kuijua njaa. Kila Jumapili niliona tumbo la samaki, sehemu yenye mafuta, likienda na maji, na sisi tunabaki kulamba vidole. Siku moja nikasimama mbele ya mchoro wa papa, nikaufuata kwa kidole kutoka ziwani mpaka kwenye nukta yetu, halafu nikaendelea mbele ya nukta. Nikaliona kosa. Nikangoja Jumapili, nikangoja mpaka mama ameshanyanyua kipande.

"Mama, maji inatoka kwa koko. Haiendi kwa koko. Hii samaki inaenda Kinshasa."

Papa akakohoa. Mama akautazama mto, akakitazama kipande.

"Watu ya Kinshasa ndio wanakula samaki ya koko," nikaongeza, "na sisi tuko na njaa."

Nilitegemea kofi. Mama alicheka. Alicheka mpaka akakaa majini na kikwembe chake chote, mwanamke mzima, mbele ya askari, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu barua zikatike. Akasema acha wale, hata watu wa Kinshasa wana mama zao. Kisha akanivuta karibu akanieleza, kama mtu anavyomweleza mwenzake wa biashara. Anayetuma si yeye. Anayetuma ni koko. Siku ya kuolewa walipatana, yeye na mama yake, wamesimama ufukweni: kila siku ya yenga, ndivyo tunavyoiita Jumapili, koko atatia kipande chake ziwani kule, na maji yatakileta.

"Mimi natia yangu juu ya kuonyesha kama ya kwake ilifika," akasema. "Ni jibu, Sifa. Mutu akikusalimia, unanyamaza?"

Nilielewa kabisa, na kuelewa huko ndiko kulikonipeleka mbali. Kama koko anatuma kila yenga, na sisi hatujawahi kuona hata mwiba, basi kuna mtu njiani anazuia mzigo. Nikarudi kwenye mchoro. Kongolo ni mbali, Kindu ni mbali. Lakini karibu kabisa na nukta yetu papa alikuwa amechora vijistari vya mawe. Wagenia. Wale wavuvi wa pale mto unapovunjikia juu ya mawe, wenye vikapu vikubwa vya fito, vyenye mdomo mpana na mkia mwembamba, vilivyofungwa kwenye miti iliyosimikwa katikati ya maji yanayokimbia. Kinachoshuka na mto lazima kipite kwao. Sikuhitaji ushahidi mwingine. Watu wale walikuwa wanakula zawadi zetu.

Nilikwenda Jumamosi asubuhi. Kutoka Kabondo si mbali kwa miguu yenye hasira. Mkononi nilikuwa na chumvi kidogo iliyofungwa kwenye jani, malipo ya kumsuka shangazi nywele, maana hata mwizi anayekurudishia mali yako hutegemea asante. Mvuvi niliyemkuta alikuwa kijana wa mabega mapana, amekaa juu ya jiwe anashona kikapu, na mwenzake amelala kifudifudi pembeni. Nikasalimia vizuri. Mashitaka huanza kwa heshima.

"Tonton, muliona kifurushi ya kutoka Baraka?"

"Ya kutoka wapi?"

"Baraka, kwenye ziwa. Koko yangu anatumaka kila siku ya yenga."

Hakucheka, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Aliweka kikapu chini. "Bon. Iko na adresi?"

"Haina. Ni samaki."

Akamgeukia mwenzake na kumwambia kwamba kuna mteja hapa, samaki wake alipita bila adresi. Mwenzake akasema, bila kufungua macho, kwamba wote wanapitaka bila adresi, ndiyo kazi yenyewe.

"Donc mulikula ya kwetu," nikasema.

"Inawezekana. Lakini bila kujua."

"Bila kujua ni kula."

Akakubali kwamba neno hilo lina uzito. Akaniuliza koko wangu yukoje, nikasema sijamwona. Alors, akasema, nitajuaje kama samaki ni wake? Nikasema mama atajua. Akaniuliza mama ni nani, tunakaa wapi, barua ya mwisho ilifika lini. Nikajibu yote. Nilipofika kwenye barua aliutazama mto kidogo, kisha akasimama, akashuka kwenye mawe mpaka pale walipozamisha kikapu cha kuhifadhia, akarudi na samaki mzima, mnene, anapiga mkia, mkubwa kuliko yule wetu wa Jumapili mbili.

"Hii ilifika asubuhi," akasema. "Ilikuwa inauliza njia ya kwa Mama Sifa."

Sasa mimi nilikuwa mtoto wa Kisangani. Kitu cha bure mjini kwetu wakati ule kilikuwa risasi peke yake, na hata hiyo ukiipokea ulilipa. Ningepaswa kushuku. Badala yake nilidai wale wengine wa yenga zilizopita. Akasema wale wamekwisha, niwasamehe. Nikamnyooshea chumvi. Akairudisha kiganjani mwangu akanifunga vidole.

"Zawadi ya koko hailipiwi. Enda mbio, isichelewe tena."

Nilikimbia njia yote, samaki kifuani, baiskeli za toleka zikinikwepa, abiria wakiniuliza bei nami nikiwaambia hauzwi. Hilo neno sijalisema mara nyingi maishani.

Nilipoingia uwanjani nilikuta mgeni. Nilimjua: Mama Faida, muuza ndagala, yule aliyekuwa akituletea barua za koko. Alikuwa amekonda, na miguu yake imevimba, imekuwa myekundu kwa udongo wa barabara ya Bafwasende. Alikuwa amezunguka nchi nzima kufika. Kati yake na mama, juu ya mkeka, kulikuwa na kifurushi cha ndagala kilichofungwa bado kwa kamba yake, na harufu imejaa uwanja wote. Papa alikuwa amesimama mlangoni bila viatu. Ningejua kusoma vitu, ningesoma pale: papa hakuwa mtu wa kuonekana bila viatu mbele ya mgeni, na katika njaa ile hakuna aliyekuwa amegusa ile kamba. Lakini nilikuwa na habari yangu.

"Mama, nimeleta samaki ya koko. Ilifika leo asubuhi. Wagenia ndio walikuwa wanazishika."

Mama Faida akaweka mkono mdomoni.  Mama akanyoosha mikono, nikampa samaki, akampakata kama anavyopakatwa mtoto mchanga. Mkia bado ulikuwa unapiga kidogo, maji yanashuka kwenye kikwembe. Akauliza ni nani amenipa. Nikaeleza yote, na chumvi iliyokataliwa, na jinsi samaki alivyouliza njia. Machozi yakaanza kumtoka bila sauti. Nikadhani ni kwa sababu ya ukubwa wa yule samaki. Kwamba anawafikiria wale wengine wote waliopotea njiani, wanene kama huyu. Nikajaribu kumfariji. Nikamwambia nimeshawagombeza, hawatarudia.

Akatuita wote. Akatuhesabu kwa macho, akatuhesabu kwa mkono, halafu akaanza tena kwa mkono, kichwa kwa kichwa, taratibu, vidole vyake vinanuka samaki. Hilo hakuwahi kulifanya. Nikafikiri amepotelewa na hesabu, nikamwambia, mama, tumetimia. Akasema ndiyo, tumetimia.

Hakungoja Jumapili. Alimchoma palepale uwanjani, juu ya mawe, bila majani, kama wanavyofanya kwao, na Mama Faida akala na sisi. Nilikaa nikingoja akate kipande cha kupeleka mtoni. Hakukata. Aligawa samaki wote, mpaka kichwa, mpaka yale mashavu matamu ambayo wakubwa huwaficha watoto. Nikamwuliza iko wapi sehemu ya koko.

"Leo koko ametuma yote," akasema.

Na tangu siku ile hakutia tena kipande majini. Tuliendelea kushuka bichi, viatu vya papa viliendelea kuvuliwa, tuliendelea kuhesabiwa na kunawishwa uso, lakini samaki wote walibaki kwetu. Nikajua nimeshinda. Neno langu la Kinshasa lilikuwa limeingia, likakaa, likazaa. Mama alikuwa mtu ambaye hakuna muuzaji wala askari aliyewahi kumshusha, na mimi, mtoto, nilikuwa nimemshusha. Nilitembea na ushindi huo miaka mingi.

Nilitembea nao mpaka mezani kwangu mwenyewe. Vita vilikuwa vimekwisha, nina watoto, mama amekuja kututembelea na amekaa anachambua sombe, majani ya muhogo. Nikawasimulia watoto habari ya samaki asiye na adresi, nikaigiza sauti ya mvuvi, nikafika kwenye ushindi wangu. Wakacheka sana. Mama akangoja wamalize.

"Siku ile Mama Faida alikuwa ametoka kuniambia koko alikufa," akasema. "Neno lilikuwa lingali mudomoni yake. Na wewe ukaingia na samaki."

Koko alikuwa amekufa kitambo kabla ya hapo, barabara zikiwa zimefungwa, na habari ilitembea kwa miguu mpaka ikatufikia. Ndiyo maana hakukata tena kipande: mtu hajibu salamu ambayo haijatumwa. Nikamwuliza kwa nini hakutuambia. Aliendelea kuchambua majani yake.

"Ningewaambia namna gani koko hayuko," akasema, "na iko mukononi yangu inapiga mukia?"

Mimi ninayebishana na kila mtu, nilivuta kiti nikaanza kuchambua naye.

Papa alipofariki, mama akasema anataka kuliona kaburi la mama yake. Alikwenda Baraka, na akabaki huko kwa mdogo wake. Sikumlaumu, maji yake yalikuwa safi, mtu anaona vidole vyake vya miguu. Jumapili alinipigia simu akiwa ufukweni, nasikia mawimbi na watoto wa watu nyuma yake. Alinitajia wajukuu wote kwa majina, akauliza kama wapo, halafu akawataja tena. Kisha akaniambia ametia kipande chake, je, sisi tumeshanawa uso? Nikashuka bichi na wanangu, nikatia jibu. Tuliendelea hivyo bila kukosa, mpaka alipofariki, kabla ya mvua hizi. Tumemzika karibu na koko. Nilirudi Kisangani na sikushuka tena mtoni. Nilijua desturi: mtu hajibu salamu ambayo haijatumwa.

Halafu ikaja ile harufu. Ndagala wale niliowanunua kwa bei ya aibu niliwaweka jikoni bila kuwafungua, mpaka nikajiona nimekaa mbele ya kifurushi kama mama. Jumapili nikawakaanga, nikafunga lituma, nikawachukua wanangu tukashuka bichi. Nilipochukua ndagala mmoja nikaanza kuingia majini, binti yangu mkubwa, ambaye ulimi wake sijui kautoa wapi, akaniuliza namjibu nani, na koko wake, mama yangu, hayupo.

Nikamwambia babu yake alisema maji hayana haraka. Nimepiga hesabu, na nimepiga mara mbili. Vipande vinavyofika hapa sasa ni vile alivyotia mama akiwa mzima, anacheka, ameshika simu kwa mkono mwingine. Cha yenga yake ya mwisho labda bado kiko Kongolo, labda kimelala kwenye kinamasi kabla ya Kindu. Mzigo wa mama ungali unashuka. Mama mwenyewe aliacha kujibu mapema mno, wakati vya koko vilikuwa bado njiani, na hilo ningependa sana kubishana naye. Lakini mimi ni mtu wa soko. Siondoki kwenye bichi kabla mzigo wangu haujafika wote.

Akafikiri. Akaniuliza kama Wagenia hawatavikamata. Nikamwambia wale tulishaelewana.

Nikawahesabu kwa macho, nikawahesabu kwa mkono. Nikaingia mpaka magotini, nikaachia ndagala wangu aende Kinshasa, nikachota maji kwa viganja viwili na kunawa uso. Yaliingia puani.